Kengele ya Shemeji

Kitengela,
9 Mei 1999

Kwa dada yangu Mukai,

Pokea salamu nyingi kama misumari kwa akala zangu za tairi, na wewe unajua mimi sinyimi mtu msumari. Sisi huku ni wazima. Mvua ilinyesha wiki mbili ikachoka, lakini matope ya Kitengela haijachoka. Hii udongo yetu nyeusi ukitembea nayo kidogo unarudi nyumbani mrefu kuliko vile ulitoka.

Kazi iko sawa. Siku ya soko napeleka akala Kajiado, siku zingine nakaa hapa stage na kisu yangu nakata tairi. Kuna mzee mmoja wa Kimaasai nilimuuzia jozi mwaka wa tisini na nne. Juzi amekuja kulalamika ati haziishi. Anataka zingine mpya na bibi yake amemwambia mpaka hizo zitoboke. Nikamwambia, mzee, pole sana, hiyo kosa nitarekebisha.

Mama anasalimia. Ako mzima, anakula, ananigombeza juu ya mke vile kawaida. Mimi namwambia mke bado nauliza bei.

Sasa ile maneno uliandika, ya kuja na gari mwezi wa nane, wewe na shemeji Munguti na watoto wote watatu. Dada, ni wazo nzuri sana. Lakini huo mwezi si mzuri. Kuna vumbi. Pia kuna baridi. Pia paa inavuja upande ule mngelala. Pia nasikia barabara ya Mombasa iliharibiwa na mvua ya El Nino na bado haijatengenezwa. Ngojeni Disemba. Ama ile Disemba ingine.

Salimia watoto, na zaidi huyo Kalekye mdogo. Mwambie mimi ni mjomba, lakini kwa vile ako na jina ya mama, yeye ni mama yangu na akinituma nitaenda.

Ni mimi ndugu yako asiye na mke lakini ana viatu,
Musila


Mtwapa,
30 Mei 1999

Ndugu yangu Musila,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na matope yako. Sisi tuko salama. Muthoki amekuwa namba tatu darasani, Kitheka ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kanisani kupitia hapo, na Kalekye ako na miaka minne na ndiye anatawala hii nyumba. Mimi bado nafundisha nasari asubuhi. Munguti bado yuko gereji. Ile pickup yake ya Peugeot ameifungua na kuifunga mara tatu tangu Pasaka, na kila mara kunabaki nati moja juu ya meza. Anasema hiyo si ya lazima.

Sasa wewe. Vumbi, baridi, paa na barabara. Musila, mtu akiwa na sababu ya kweli anasema moja. Wewe umenipa nne.

Wacha nikuulize. Kile kiondo mama alinitumia Krismasi, mstari mwekundu umeanza vizuri, ukafika katikati ukageuka kijani, ukawa rangi ya udongo, halafu ukapotea kabisa. Huyo ni mama aliyenifundisha kusuka nikiwa na miaka saba, akinigonga vidole nikikosea uzi mmoja. Nilikitundika ukutani nikanyamaza. Najua nilifanya vibaya kunyamaza.

Macho ya mama iko namna gani?

Jibu hiyo peke yake. Utani uweke chini kwanza.

Dada yako,
Mukai


Kitengela,
20 Juni 1999

Dada Mukai,

Salamu. Barua yako ilikaa posta wiki mbili kwa sababu nilikuwa naogopa kuichukua. Utani nimeuweka chini vile umesema. Uko hapa karibu na mguu yangu, unaniangalia.

Mama haoni. Jicho ya kushoto ilienda mwaka jana. Hii ya kulia inaona mwanga wa mlango na kivuli ya mtu, lakini haijui ni mtu gani. Ni ile kitu nyeupe, kwa zahanati wanaita mtoto wa jicho. Mama aliniapisha nisikuandikie. Alisema Mukai ako na watoto watatu na bahari nzima ya kuwachunga wasiingie.

Lakini hiyo siyo inafanya akatae mkuje. Wewe anakutaka hata leo. Huyo Kalekye anamtaka hata zaidi. Anasema alimwacha akiwa wa kubebwa mgongoni, hajui huyu mtu alipewa jina yake anafanana nani. Shida ni shemeji.

Unajua vile mama ako na nthoni, ile heshima ya kukwepana na mkwe. Wakamba wengine wameacha, siku hizi unapata mama mkwe na bwana ya msichana wake wanakula nyama sahani moja wakicheka. Si mama yetu. Tangu Munguti akuoe ni miaka kumi na mbili, na mama hajawahi kumwangalia uso wala kukaa chumba moja na yeye. Akisikia amekuja, anajifunika leso anapitia nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo heshima anajua kumpatia. Sasa sikia vile aliniambia:

"Musila, kukwepa mtu ni kazi ya macho. Huyo mtoto wa watu akisimama kwa mlango mimi nitajuaje? Nitamgonga na kifua. Nitamshika mkono nikifikiria ni wewe. Nitaanza kusema habari ya tumbo yangu na yeye ameketi hapo. Afadhali wasikuje."

Nilicheka, akanipiga na mwiko. Haoni, lakini hakukosa.

Na kuna ingine. Kanisa moja inaleta madaktari wa macho Kajiado mwezi wa nane. Wanafanya operesheni, wanaweka kioo kidogo ndani ya jicho. Kuandikisha ni Alhamisi tarehe kumi na mbili, mwisho saa sita mchana. Wakienda hawarudi mpaka miaka miwili, na yule wa zahanati amesema kwa hiyo jicho hawezi kuniahidi miaka miwili. Mama amekubali kisu, lakini lazima wewe uwe hapo. Mimi ni mtoto wa kiume, siwezi kumwosha wala kumpeleka choo huko wodi. Kwa hivyo anakutaka, hataki bwana yako, na bwana yako ndiye ako na gari na wewe uko na watoto watatu. Nimefikiria hii maneno mpaka nikakata akala mbili zote za mguu wa kushoto.

Wewe ulisoma kunishinda. Niambie tutafanya nini.

Musila


Mtwapa,
4 Julai 1999

Ndugu yangu mpendwa,

Asante kwa kuniambia. Nimelia, nimemaliza. Sikukasirikii, wewe ndiye umekaa na yeye huu wakati wote ukimpikia, na mimi nilikuwa natuma sukari tu na kuona nimesaidia.

Nilisomea Munguti barua yako. Nilifikiria atasema basi, mimi nibaki na watoto, wewe panda basi. Kumbe hapana. Alienda chini ya gari akakaa huko mpaka chakula ikapoa. Kesho yake asubuhi akinywa chai akaniuliza, "Mukai, ng'ombe akikuja nyuma yako kwa njia, unajuaje?"

Nikasema, nasikia kengele.

Akasema, "Basi."

Nilidhani ni mchezo. Si mchezo. Anasema utafute kengele huko sokoni Kajiado, ya sauti nzito. Ataivaa shingoni kutoka ashuke kwa gari mpaka siku ya kuondoka. Mama akisikia ako upande wa tanki, apitie upande wa jikoni. Anasema yeye kama yeye hana aibu ya kuvaa kengele. Aibu ni mama apofuke kwa sababu yake.

Muulize mama. Ukimuuliza usicheke.

Mukai


Kitengela,
18 Julai 1999

Dada,

Nimemuuliza, sikucheka. Nilikuwa nimeweka mwiko mbali.

Mama ndiye alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka jirani wetu Lorine akakuja kuuliza kama ni kifafa. Alipopata pumzi akasema, "Kengele ya mbuzi ama ya ng'ombe?" Nikamwambia Munguti hakuandika. Akasema, "Mkwe wangu si mbuzi. Nunua ya ng'ombe."

Kwa hivyo mkuje! Hakuna vumbi, hakuna baridi, na paa imepona yenyewe.

Nilienda kwa Katoo, yule rafiki yangu Mmaasai anauza mikanda na kengele sokoni. Akaniuliza ng'ombe yangu ni ya rangi gani, ndio anichagulie sauti. Nikamwambia ni shemeji. Akanikazia macho. Nikamweleza mambo yote. Katoo hakucheka hata kidogo. Alisema hata kwao kuna heshima ya mama mkwe, na huyo mwanaume ameoa vizuri. Alipiga kengele sita moja moja akisikiliza, akachagua, akakataa pesa. Akasema nimletee tu akala mbili za bibi yake. Nimezikata kwa tairi ya lori, huyo mama atazikwa nazo.

Tukienda Kajiado mama atakaa nyuma ya pickup juu ya godoro na wewe, tutafunga turubai. Mimi nitakaa mbele na ng'ombe yetu.

Nawangoja Jumanne jioni, tarehe kumi.

Musila


Mtito Andei,
Jumanne, 10 Agosti 1999, saa tisa

Musila,

Hii barua nampa konda wa basi inaenda Nairobi, amekubali kuishusha pale Athi River kwa duka ya Oyoo, yule hukuletea ujumbe, uko na bahati kama ameikumbuka.

Tumekwama. Tulitoka Mtwapa alfajiri, tukaenda vizuri. Kitheka aliona ndovu wakiwa wekundu kabisa kwa vumbi kando ya barabara akauliza nani amewapaka rangi. Kalekye anauliza kama tumefika tangu Mazeras. Tukifika hapa maji yakaanza kutoka chini ya gari kama bomba, Munguti akasema ni wota pampu. Hapa haipatikani. Amepanda lori kurudi Voi kuitafuta. Kabla aende aliniambia, "Tutafika, hata kama ni kusukuma."

Kuna mama anaitwa Phylis ako na hoteli hapa. Hatujui, wala hajuani na mtu wetu yeyote. Amelaza watoto kwa kitanda yake na amekataa nilipe uji. Nimemwambia kuhusu mama, ameanza kuniombea kabla nimalize kusema.

Kama hatujafika kesho, Alhamisi usitungoje. Mpeleke. Mwambie niko njiani na umwombe akubali mkono wako. Asikose hiyo foleni kwa sababu yetu.

Mukai


Mtwapa,
29 Agosti 1999

Ndugu yangu,

Tulifika salama. Kurudi gari haikusumbua hata mara moja. Tulisimama Mtito tukampa mama Phylis ule mguu mzima wa mbuzi ulitufungia, akafurahi, lakini alifurahi zaidi kusikia ya mama. Watoto wanangoja shule ifunguliwe na wanaongea Kitengela tu. Kitheka anataka kuwa mkata tairi. Nimemwambia kwanza aote meno.

Musila, sijui nianzie wapi kushukuru. Vile tuliingia kwa uwanja Jumatano jioni, na wewe umekaa kwa jiwe na ile barua yangu mkononi umeikunja mpaka imekuwa kama tikiti. Vile Munguti alivaa kengele kabla hata azime gari. Na siku zote hizo, mama akienda huku, yeye anaenda kule, klong, klong, na wawili hao hawakugongana hata siku moja. Mama aliniambia hajawahi kukaa na mkwe kwa amani namna hiyo.

Nataka nikuandikie ile asubuhi ya Jumamosi, kesho yake ya operesheni, vile nilivyoiona, kwa sababu wewe ulikuwa nje na watoto. Munguti aliniletea uji kwa chupa. Pale mlangoni sista alimwambia toa hiyo kitu shingoni, hapa ni wodi si boma. Akaitoa. Aliingia hivyo, akidhani bandeji inatolewa saa nne. Kumbe wameanza mapema. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikishika mkono wa mama, sikumwona nyuma yangu. Sista akavuta bandeji. Mama akafungua jicho, likaangalia mbele tu. Nikauliza, "Mama, unaona?"

Akasema, "Sioni kitu. Ni giza."

Musila, nilikufa. Kugeuka hivi, namwona Munguti amesimama hapo kwa miguu ya kitanda na chupa mkononi. Aliiweka chini polepole, akatoka akifuta uso na shati. Nikasema basi, safari yote, Mtito yote, bure.

Halafu baada ya dakika tano wewe ukaingia na Kalekye kwa mabega. Na mama akasema, "Ni nani amevalisha huyu mtoto soksi moja nyekundu na moja ya manjano?"

Hiyo sauti nitaisikia mpaka nizeeke. Vile alimshika uso akimgeuza geuza kwa dirisha. "Ni mimi," alisema. "Masikio ni yangu. Pole, mtoto."

Dakika tano! Mungu alichukua dakika tano peke yake kufungua hilo jicho. Jumapili nimesimama mbele ya kanisa nikashuhudia, na mchungaji akaacha mahubiri aliyokuwa ameandika akahubiri hizo dakika tano, saa nzima. Watu walilia.

Asante, ndugu yangu. Kwa kila kitu.

Mukai


Kitengela,
12 Septemba 1999

Dada yangu,

Kaa chini kwanza. Kama Munguti ako karibu mtume dukani, duka ya mbali.

Sisi tuko vizuri sana. Mama anaona mpaka ni hasara. Ameona vumbi chini ya kitanda yangu, ameona akala moja imepinda nikiwa tayari nimeiuza, na ameona msichana wa Lorine akipita akaniuliza mbona simsalimii. Kila asubuhi anasimama nje anaangalia tu. Nikimuuliza nini, anasema, "Hakuna. Naangalia."

Sasa, nilimsomea barua yako. Nilipofika kwa dakika tano na mchungaji, mama akaanza kukohoa. Nikasoma tena, akakohoa tena. Nikamwambia, mama, wewe huna kifua. Sema.

Aliangalia mlango kwanza. Halafu akasema hivi:

"Bandeji ilitoka, na kitu ya kwanza niliona kwa hii dunia ni mwanaume mrefu ameshika chupa ya uji. Ako na alama hapa kwa nyusi. Nywele ya mbele imeanza kumkimbia. Macho nyekundu kama mtu hajalala siku nne. Na nilikuwa sijasikia kengele. Nikajua ni yeye. Sasa ningefanya nini? Nikijifunika, atajua nimemwona, na hiyo aibu ataibeba mpaka Mombasa. Nikikaa namwangalia, hiyo ni aibu yangu. Nikasema sioni. Kipofu hana makosa."

Nikamuuliza, na Mukai je, alikuwa analia hapo.

Akasema, "Nilimsikia. Iliniuma. Lakini nilijua nitamtuliza, na huyo mwingine sina njia ya kumtuliza." Halafu akasema polepole, "Nilimwangalia kidogo tu, kabla atoke. Ni mtu mzuri huyo. Amekonda. Ambia Mukai amwongezee chakula."

Ameniapisha shemeji asijue kabisa. Anasema akijua alionwa hatarudi kwa hii nyumba na furaha.

Kwa mchungaji sijui utasema nini. Hiyo nakuachia, wewe ndiye mwalimu.

Musila


Mtwapa,
3 Oktoba 1999

Musila,

Nimesoma barua yako jikoni nimefunga mlango. Nilicheka, nikalia, ugali ikaungua.

Mchungaji anataka nishuhudie tena kwa mkutano wa Kilifi. Nimemwambia nina mafua.

Sikumwambia Munguti, naapa. Lakini jana tulikuwa tunaanika nguo, nikamuuliza tu kama mtu anayeongea mambo ya zamani, "Ile asubuhi pale wodi, ulilia sana. Ulidhani mama amepofuka kabisa?"

Alining'iniza shati mbili kabla ajibu.

Akasema, "Mukai, mama aliniona. Jicho lilianza kwa viatu vyangu, likapanda mpaka kwa uso, likasimama hapo. Jicho la mtu haoni halipandi hivyo. Nilitaka kukimbia. Halafu akasema haoni kitu. Mama yangu alikufa nikiwa darasa la pili, hakuna mama mwingine amewahi kunifunika. Yule alitoka gizani dakika hiyohiyo, akarudi mwenyewe, ndio mimi nisiaibike. Sasa nisilie namna gani?"

Nikampa shati ya tatu. Akaniambia, "Usimwambie kwamba najua. Atasumbuka."

Kwa hivyo ni hivyo, ndugu yangu. Sasa ni mimi na wewe tu tunajua yote.

Mukai


Kitengela,
17 Oktoba 1999

Dada Mukai,

Salamu kutoka kwa mtu amebeba siri ya watu wawili, na wewe mdomo yangu unaijua. Niombee.

Barua yako nilisomea hapa stage, halafu nikaitia kwa moto pamoja na vipande vya tairi, ikanuka vibaya lakini imeisha. Nilipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni na ungo, anatoa mawe kwa maharagwe, moja moja. Akaniuliza, "Mukai anasemaje?"

Nikamwambia wote wazima, wanasalimia.

"Na mkwe wangu?"

Nikamwambia shemeji anashukuru Mungu sana, vile jicho ilifunguka tu baada yeye kutoka.

Mama akatafuta jiwe ingine, akaliona, akalitupa nje.

"Hata mimi," akasema. "Mwandikie hata mimi nashukuru."

Nimemaliza kuandika vile alisema.

Musila